Kuku wa Pili Yuko Wapi?

Bunia ya siku hizi hakuna anayeona haya kusema kwamba ulozi ni nguvu kama umeme. Zamani msomi aliyasema maneno hayo kwa sauti ya chini, akiangalia mlango. Leo yanasemwa kwenye mihadhara, kwenye matanga, ndani ya magari yanayopanda kwenda Mahagi, na wanaoyasema wana diploma ukutani. Hoja yao ni hii: dunia imejaa nguvu zisizoonekana, wako watu waliojaliwa kuzisikia mwilini, na wako waliojifunza kuzielekeza, mlozi huzielekeza kuua, mtumishi wa Mungu huzielekeza kuponya, mganga wa fetishi huziuza kwa yeyote mwenye pesa, na Mwafrika anayekanusha jambo hili amelishwa na Wazungu. Hoja hutolewa kwa kifua mbele, kama utetezi wa mababu. Mimi naiona mbovu, tena naiona ni dharau kwa mababu wenyewe, na katika mkoa wetu wa Ituri imekwisha kuua watu wengi kuliko ulozi wowote ambao mtu ameweza kuuthibitisha.

Tuanze na huo umeme, kwa kuwa wao ndio waliouleta. Umeme wa Budana ukikatika, anayeamini na asiyeamini wote hukaa gizani. Waya ulio uchi humrusha padri, humrusha mwizi, humrusha na profesa wa fizikia, bila kuuliza nani alimkosea nani. Mafundi watatu wakipima waya mmoja hupata jibu moja. Sasa mchukue mgonjwa mmoja, tuseme mama ambaye mimba zake hazikai, umpeleke kwa watumishi watatu wasiojuana katika mitaa mitatu ya mji huu, na asiwepo wa kuwanong'oneza habari za ukoo wake. Wa kwanza atasikia shangazi wa upande wa mume. Wa pili atasikia mwanamke aliyekuwa mchumba wa mume zamani. Wa tatu atasikia jirani aliyemwazima chumvi. Fundi ambaye mita zake tatu zinasoma hivyo hutupa mita. Sisi tunamtupa shangazi.

Simkatalii mtu hisia zake. Nimekaa kwenye vyumba vya maombi, najua joto la viganja, najua nywele zinavyosimama, najua uzito ule unaomkalia mtu kifuani usiku wa manane akiwa macho na hawezi kunyanyua mkono. Hayo yote ni ya kweli, na anayewacheka walioyaonja hajawahi kukesha. Lakini angalieni jinsi yanavyopikwa. Mtu amefunga siku tatu, pengine bila hata maji. Usiku halali. Spika mbili zinapiga kelele ndani ya chumba cha mabati kisichozidi upana wa duka la unga. Watu thelathini wanasema kwa pamoja, wanatikisa, wanalia, na anayeongoza amekwisha tangaza kwamba leo kuna mtu hapa ndani amebeba kitu. Katika hali hiyo, anayetetemeka hana la ajabu. Muujiza ungekuwa kwa yule asiyetetemeka. Hisia ipo. Kinachobishaniwa ni imetoka wapi, na inajua nini kuhusu mama mzee aliyeketi kule pembeni karibu na mlango.

Swali hilo liliwahi kuulizwa vizuri sana, na jibu lake linafaa kukumbukwa. Mjini Paris, miaka ya mwanzo ya 1780, daktari mmoja aliyeitwa Franz Anton Mesmer alikuwa gumzo la mji kwa kile alichokiita sumaku ya viumbe: maji ya nguvu yasiyoonekana yanayopita katika miili yote, ambayo yeye na wanafunzi wake waliyasikia na kuyaelekeza kwa mikono. Wagonjwa walianguka, walipiga kelele, walipona. Mwaka 1784 mfalme Louis wa 16 aliunda tume ya kuchunguza, na ndani yake walikuwemo mkemia Lavoisier na Benjamin Franklin, balozi wa Marekani, ambaye kwa bahati nzuri alikuwa anaujua umeme wa kweli. Mwanafunzi mmoja wa Mesmer, Deslon, alikubali kujaribiwa. Bustanini kwa Franklin alichagua mti mmoja akautia ile nguvu. Kijana wa miaka kama 12, ambaye Deslon mwenyewe alimsifu kuwa msikivu sana, alifungwa macho akapelekwa kwenye mti mmoja baada ya mwingine. Kwenye ule wa kwanza alianza kutoka jasho na kukohoa. Kadiri walivyoendelea, hali ikazidi kuwa mbaya. Kwenye mti wa nne alizimia, viungo vikakakamaa, ikabidi abebwe na kulazwa kwenye nyasi. Na katika miti yote minne hakuna hata mmoja uliokuwa umetiwa nguvu.

Yule kijana hakuwa mwongo. Jasho halidanganyi na mtu hazimii kwa utani. Alizimia kweli kwa nguvu ambayo haikuwepo, kwa sababu alijua kwamba mahali fulani ipo. Nikimwona binti anaanguka mbele ya madhabahu pale mama mkwe wake anapopita, humkumbuka yeye.

Karne mbili baadaye msichana mmoja wa shule huko Marekani, Emily Rosa, alifanya jambo hilohilo kwa ubao wa kadibodi. Wauguzi wa huko walikuwa wamejifunza tiba ya kupitisha viganja juu ya mgonjwa bila kumgusa, wakidai wanaisikia nguvu ya mwili wake na kuisawazisha. Emily aliwakalisha watu 21 wanaoitumia tiba hiyo, wauguzi na wengine, upande wa pili wa ubao, mikono yao ikapitishwa kwenye matundu mawili, naye akaweka kiganja chake juu ya mkono wa kushoto au wa kulia kwa kurusha sarafu. Swali lilikuwa moja tu: kiganja changu kiko juu ya mkono upi? Katika majaribio 280 walipatia 123, sawa na asilimia 44. Mtu anayebahatisha hupatia nusu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, na Emily, mmoja wa waandishi wake, alikuwa na miaka 11.

Najua mtakachosema. Paris, Marekani, wauguzi wa kizungu: mwandishi huyu ana mabwana zake. Haya, tuwaache Wazungu na bustani zao. Twende kwa mababu.

Ukitoka hapa ukapita Isiro, ukaendelea mpaka Dungu na nchi za Uele zote mbili, uko kwa Wazande, ambao wengine wako ng'ambo ya mpaka, Sudan Kusini. Hakuna watu wa pande hizi ambao fikra zao juu ya ulozi zimeandikwa kwa kina kuliko wao, kwa sababu kati ya mwaka 1926 na 1930 aliishi nao mwanaanthropolojia Mwingereza, Evans-Pritchard, na kitabu chake cha mwaka 1937 bado kinasomwa katika kila chuo kinachofundisha elimu ya jamii. Wazande walikuwa na nadharia kamili ya nguvu inayoelekezwa. Waliiita mangu: kitu kilichomo tumboni mwa mtu, anachokirithi mwana kwa baba na binti kwa mama, na usiku roho yake hutoka na kwenda kumla mlengwa, ikionekana kama mwanga unaotembea. Mtetezi wa nguvu za Bunia akisoma hapo hupiga makofi. Asome na kurasa zinazofuata.

Wazande nao walikuwa na watu wa kusikia. Waliitwa abinza. Walikunywa dawa zao, wakapigiwa ngoma, wakacheza mpaka jasho likawatiririka, kisha wakataja wanachokiona na kukisikia. Watu walikuja kuwatazama, wakafurahi, wakaogopa kidogo. Lakini hakuna Mzande mwenye akili timamu aliyemshtaki jirani kwa neno la mcheza ngoma peke yake. Neno lake lilikuwa fununu. Fununu ilipelekwa mbele ya benge, sumu iliyopewa vifaranga vya kuku mbali na nyumba, porini, asubuhi, na watu wachache waliojizuia na vyakula fulani. Sumu iliambiwa: kama fulani ndiye anayemuumiza huyu, ua kuku. Kuku akafa. Je, ilitosha? Haikutosha. Aliletwa kuku wa pili, na swali likageuzwa: kama ulisema kweli juu ya fulani, mwache huyu aishi. Ikiwa wa pili naye alikufa, hukumu yote ilianguka na fulani hakuwa na neno. Sharti lilikuwa majibu mawili yaliyopindishana yakubaliane.

Tazameni mpangilio huo kwa makini. Hisia ya mwili wa mtu iliwekwa ngazi ya chini kabisa. Juu yake kiliwekwa kitu kisicho na ukoo, kisicho na wivu, kisichodai mahari. Na juu ya hicho ikawekwa tena njia ya kukisahihisha. Wazee wale waliamini ulozi kwa moyo wao wote, na kwa sababu hiyohiyo hawakumwamini mtu anayesema anausikia. Waliijua midomo na waliyajua matumbo ya majirani zao.

Hata hukumu ikithibitika, kilichofuata hakikuwa tairi. Bawa la kuku aliyekufa lilipelekwa kwa mtuhumiwa, kwa adabu, kupitia kwa mtu wa chifu. Mtuhumiwa alichukua maji mdomoni, akayapuliza juu ya bawa, akasema kwamba kama ni yeye hakujua, na kama mangu imo tumboni mwake basi ipoe. Watu wakarudi nyumbani. Mlozi anayeweza asijue kwamba ni mlozi, na anayemaliza deni lake kwa funda la maji! Jaribuni kumweleza jambo hilo mtumishi wa leo anayedai siku arobaini za mfungo, mbuzi, na mafuta ya upako yenye bei.

Simtukuzi kuku, msinielewe vibaya. Sumu ile ni ya aina ya strikinini, na kifaranga hufa au hupona kwa sababu zinazomhusu yeye na kipimo alichopewa. Wanawake hawakuruhusiwa kuiendesha, na mume aliitumia kumchunguza mke ambaye hakuwa na kuku wake wa kumjibu. Watu waliuawa pia, zama za wafalme wao. Sisemi turudi huko. Nasema kwamba anayesimama Bunia leo akadai kuwa kuhisi ulozi kwa viganja ni sayansi ya mababu anawasingizia. Mababu waliijua hiyo hisia, wakaipima, wakaiona haitoshi hata kumpeleka mtu mbele ya chifu. Sisi tumeiokota jalalani mwao, tukaivika suti, tukaipa mikrofoni.

Sasa upande wa pili wa hoja, ule wa kuelekeza. Hapa watetezi hujiona wako kwenye ardhi ngumu, kwa maana Ituri ina historia ndefu ya nguvu zilizoelekezwa dhidi ya risasi. Kaskazini yetu, kwa Wakakwa na Walugbara, alitokea Rembe, nabii wa maji ya Yakan. Walioyanywa waliahidiwa kwamba bunduki za serikali zitatoa maji. Serikali ya kikoloni ilimuua mwaka 1917. Miaka 12 kabla yake, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, katika Tanganyika ya Wajerumani, aliwagawia watu maji ya namna hiyohiyo. Alinyongwa Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikaendelea mpaka 1907, na walioangamia, wengi kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa, wanakadiriwa kati ya elfu 75 na laki tatu. Kisha Wasimba, waasi wa Kongo wa 1964, na dawa yao. Kisha sisi wenyewe.

Wasimba ndio kete kubwa ya watetezi, na wana sababu. Tarehe 5 Agosti 1964 waliingia Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na miji ikaanguka kama maembe, Bunia ikiwemo. Vijana wenye mikuki na matawi waliwakimbiza askari wenye bunduki za kisasa. Kama si dawa, ni nini?

Ni dawa, nakubali, lakini ilikuwa inafanya kazi wapi? Askari wa serikali waliokimbia walikuwa watoto wa nchi hii. Nao walijua habari za dawa, nao walikuwa na bibi zao, nao waliamini kwamba risasi inaweza kugeuka maji. Walipowaona vijana wanakuja bila kuinama, walitupa bunduki. Wengi hawakuwahi hata kufyatua, na risasi isiyofyatuliwa haiui mtu. Kisha walikuja mamluki, na tarehe 24 Novemba makomandoo wa Ubelgiji wakashuka kwa miavuli Kisangani. Hao hawakulelewa na bibi zetu. Walifyatua. Dawa iliyoushinda mji mzima mwezi Agosti haikuweza kuuzuia mwezi Novemba, na maji yalikuwa yaleyale, na miiko ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mawazo ya mtu aliyeko upande wa pili wa bunduki. Nguvu inayohitaji adui aiamini kwanza haikai ndani ya chupa.

Na miiko ile! Usiguse mwanamke, usioge, usiibe, usigeuke nyuma ukiwa vitani. Wapiganaji wengi wa Ituri wamepewa orodha za namna hiyo pamoja na hirizi zao. Faida ya miiko kwa mwenye dawa iko wazi: anayepona ni shahidi wa dawa, na anayekufa ni shahidi kwamba alivunja mwiko. Maiti hawezi kusimama kusema kwamba hakugeuka nyuma. Hiyo ni nguvu isiyoweza kushindwa kwa sababu haikubali kamwe kuhesabiwa.

Bogoro iko kilomita kama 25 tu kutoka hapa, kwenye njia ya kushuka Kasenyi. Ilishambuliwa alfajiri ya tarehe 24 Februari 2003, na mambo ya fetishi za wapiganaji yalisikilizwa baadaye mbele ya majaji huko The Hague, katika kesi iliyoishia kwa kamanda wa wapiganaji, Germain Katanga, kupewa kifungo cha miaka 12 mwaka 2014. Kakado, aliyejulikana Walendu Bindi kama mkuu wa mambo hayo, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi hapa mjini mwaka 2010. CODECO, kundi la wapiganaji ambalo jina lake lilianza kama la ushirika wa kilimo, nalo limewapeleka vijana porini na hirizi shingoni. Usiku wa kuamkia Februari 2, 2022, watu wapatao 60 waliuawa katika kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo, na wapiganaji wa kundi hilo ndio waliotajwa. Watu wale wa Plaine Savo walikufa kwa panga na kwa risasi. Nguvu iliyoelekezwa kwao ilikuwa amri iliyotoka kinywani mwa mtu ikaingia sikioni mwa mwingine, na hirizi ilikuwa kazi yake kumwondolea kijana woga wa kifo chake na, nadhani, huruma kwa kifo cha mwenzake. Anayesema dawa iliwapa vijana ujasiri asiishie hapo, aeleze na ujasiri huo ulitumika kwa kazi gani.

Kuna tukio jingine ambalo watetezi wa nguvu hawalitaji kabisa, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Juni 2001, katika eneo la Aru, vijiji vilianza kuwasaka walozi. Watu walitajwa, na aliyetajwa alishurutishwa kutaja wengine. Walikatwa kwa mapanga. Mamia ya watu waliuawa katika majuma machache, mpaka jeshi la Uganda, ambalo wakati ule lilikuwa linashika eneo hilo, likapeleka askari kuzuia. Soma tena: mamia. Vita vilikuwa vimeenea kila upande, magonjwa yalikuwa yamepanda, dawa za hospitali hazikuwepo, na watu waliofiwa walitaka kujua ni nani. Wakapatikana waliosikia ni nani.

Mimi nimewauliza watu wazima wa mji huu, wanaoniambia kwamba ulozi ni nguvu inayosikika, wanieleze Aru. Je, mamia wale wote walikuwa walozi? Hakuna aliyethubutu kunijibu ndiyo. Basi hisia zilikosea mara mamia katika mwezi mmoja. Chombo kilichokosea hivyo kingekuwa cha hospitali, tungekuwa tumekivunja kwa nyundo. Na kama walikuwa walozi kweli, wenye uwezo wa kumuua mtu aliye mbali kwa kumwelekezea kitu, mbona walikufa kama kondoo? Mtu mwenye umeme mkononi haendi kichwa chini mbele ya kijana mwenye panga. Katika jibu lolote watakalochagua, nadharia inabaki bila mguu.

Wengine hurudi nyuma kidogo na kusema: lakini watu wanakufa wakitumiwa ulozi, tumewaona, nyumba moja inazika wanne kwa wiki tatu, hiyo ni nini? Ni swali la haki na linastahili jibu la heshima. Kati ya tarehe 1 Agosti 2018 na 25 Juni 2020, upande huu wa Kongo, hasa Kivu Kaskazini na Ituri, uliona Ebola yenye wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Ebola hufuata ukoo kana kwamba ina orodha ya majina: aliyemuuguza mama, aliyeosha maiti, mtoto aliyelala naye kitanda kimoja. Mtu asiyevijua virusi akitazama makaburi ya nyumba hiyo ataona nia, ataona mtu amekaa mahali akichagua. Tauni nayo haijaondoka kwenye milima yetu. Viroboto wa panya waliokufa hupanda kwa watu, na nyumba moja huugua wakati ya jirani iko salama. Hapo ndipo mkono wa mtumishi hutetemeka na kuelekea kwa shangazi ambaye hakuja mazishini. Hakuja mazishini, pengine, kwa sababu alikuwa na akili kuliko wote. Na kila siku inayotumika kutafuta nani aliyetuma ni siku ambayo wa tano anaambukizwa.

Nakubali pia kwamba hofu yenyewe hudhuru. Mtu aliyeambiwa na watu wake wote kwamba amefungwa, akaacha kula, akaachwa peke yake, huenda akazidiwa na ugonjwa ambao angeushinda. Lakini hapo tena nani kaelekeza? Waliomwambia.

Inabaki Biblia, na hapa Bunia huwezi kumaliza mabishano bila mtu kuifungua. Watakusomea Kutoka 22, pale panapoagiza mchawi asiachwe kuishi. Mimi si mchungaji, na sina nia ya kubishana kama mapepo yapo; wanaoamini yapo wana haki yao, na imani yao haihitaji ruhusa yangu. Ninachouliza ni cha chini zaidi: ni nani aliyekupa uwezo wa kumjua mwenye nayo kwa joto la kiganja? Torati hiyohiyo, Kumbukumbu sura ya 19, hairuhusu mtu ahukumiwe kwa shahidi mmoja. Inataka wawili au watatu. Waisraeli nao, kumbe, walidai kuku wa pili. Na shahidi pale ni mtu aliyeona tendo, anayeweza kuulizwa ulikuwa wapi, saa ngapi, mwanga ulikuwaje. Aliyeona katika roho huwezi kumuuliza lolote kati ya hayo, na ndiyo maana anapendelea kuona huko.

Serikali kwa upande wake imesema jambo, ingawa kwa sauti ya karatasi. Katiba ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya kumlinda mtoto ya Januari 2009, kifungu cha 160, inamwekea mshtaki kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu pamoja na faini. Vizuri. Lakini yule mama mzee karibu na mlango hana kifungu chake katika sheria hizo. Yeye itabidi afungue kesi ya kukashifiwa kama mtu yeyote, alipe ada, atafute wakili, wakati tayari wanawe wameambiwa wasile kwake. Usukumani, Tanzania, wazee wa aina yake waliuawa miaka mingi kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyotiwa wekundu na moshi wa kuni walizopikia wajukuu. Kisii, Kenya, mwaka 2008, walichomwa watu 11. Anayesema nguvu ni jambo la kiroho lisilomdhuru asiyehusika aanzie huko ziara yake.

Niliwahi kumweleza mtumishi mmoja, kwa heshima zote, jinsi ya kumaliza ubishi. Wakae wanawake kumi nyuma ya pazia, tisa wageni kabisa na mmoja yule anayemtuhumu, wamevaa sawa, hakuna anayekohoa. Apite na kiganja chake upande huu. Achague. Kisha wapangwe upya, achague tena, na tena, na mwingine anayedai karama hiyohiyo naye apite peke yake bila wawili hao kuonana. Hakuna gharama isipokuwa pazia. Alinijibu kwamba nguvu za Mungu hazijaribiwi na kwamba shaka yangu mwenyewe ingeifukuza karama chumbani. Ni jibu ninalolisikia kila mara, kwa watumishi na kwa waganga wa fetishi vilevile, ambao katika jambo hili moja wanapatana.

Basi nikamuuliza: siku ile alipomtaja mama yule mbele ya watu, mama mwenyewe alikuwepo, anakataa, analia, na wanawe wawili wanakataa pamoja naye. Shaka za watu watatu zilikuwa chumbani. Mbona karama haikukimbia?

Alisema nina roho ya ubishi, akaita watu waniombee.